Aliyeitika Machimboni Tabaka

Pumzi ile ilikuwa tulivu mno. Owino, fundi wa rada aliyeletwa kutoka Homa Bay, aliitazama kwenye skrini akakunja uso. Kisanduku chake hutuma mawimbi yanayopenya mawe na kugundua kifua kinachopanda na kushuka, na hajawahi kuona mtu aliyefukiwa akipumua kama aliyelala kitandani kwake.

"Yuko hai," alisema hata hivyo. Angesema nini, na mke wa aliyefukiwa amesimama hapo?

Nyanchera alipiga magoti kwenye vumbi la jiwe la sabuni, akamwita mumewe kupitia ufa. "Ombati! Gibson wetu anakungoja!"

Mstari kwenye skrini ukaruka.

"Mama Gibson, nyamaza!" Mzee Abner, aliyechimba mawe hapo tangu ujana, alimshika bega. "Mtu akiwa chini hatumwiti jina. Tunagonga jiwe tu. Huko si yeye peke yake anayesikia."

"Anasikia, na mnaniambia ninyamaze?" Akaita tena na tena, hata kwa jina la utotoni. Nani angemlaumu?

Wachimbaji walifukua mpaka jua likapita utosini. Walipomfikia Ombati alikuwa amekauka, baridi kama mawe yaliyomlalia, kinywa kimejaa unga mweupe. Alikuwa amekufa papo hapo ukuta wa machimbo ulipomwangukia. Na kwenye skrini, ndani ya shimo lisilo na mtu, pumzi iliendelea.

Hakuna aliyetaka kubaki. Walimlaza kwenye pikapu, wakamfunika blanketi. Owino aliielekeza rada shimoni mara ya mwisho, akakuta kimya, akamshukuru Mungu; lakini alipoinua kisanduku akipakie, upande wake wa kutuma mawimbi ukapita juu ya lile blanketi, na mstari ukaanza kupanda na kushuka, taratibu, bila haraka, ule ule wa asubuhi, huku harufu ya udongo ambao haujawahi kuona jua ikiwajia wote puani.

"Anapumua!" Nyanchera alilia kwa furaha, akapanda garini.

"Mama, usimguse, yawa," Owino alinong'ona, akimsihi hata kwa Kijaluo. "Huyo siye."

Hakumsikia. Alifunua blanketi, akaupangusa ule unga midomoni kwa ncha ya leso yake. Midomo ikafunguka.

"Gibson yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," alijibu, akitabasamu huku machozi yakimtoka. "Twende nikupeleke."