Ngazi Iliyopakwa Rangi ya Viatu

Kiilu alikuwa mchonga vinyago pale Emali, na mkono wake ulisifiwa. Twiga, simba, hata vijiko, vyote alivimalizia kwa rangi ya viatu. Alipaka, akasugua kwa kitambaa, akasugua tena, mpaka mti ukang'aa. Wasafiri wa barabara ya Mombasa waliposhuka kunyoosha miguu, walishika, wakasifu, wakanunua.

Familia yake ilikaa kwenye jengo la zamani karibu na stesheni. Chini palikuwa na karakana. Juu palikuwa na vyumba viwili, na ngazi ya mbao yenye vidato kumi na viwili. Mama yake, Mbinya, alikuwa ameletwa kutoka Tseikuru baada ya kufiwa na mumewe. Kutwa alikaa dirishani kule juu, penye mwanga, akisuka vyondo. Akitoka nje, alinawa miguu kwenye mfereji wa uani kabla ya kupanda. Vumbi la Emali mnalijua.

Ngazi haikuwahi kupakwa kitu. Maji ya miguu yaliingia ndani ya mbao. Zikawa za kijivu, zikaota nyuzi, zikaanza kupasuka.

Mwaka wa 1983, watu wa kanisa walipanga kuja kwa Kiilu kufanya maombi. Kiilu aliionea haya ngazi yake. Jumamosi alichukua mikebe minne ya rangi ya viatu, akaisugua ngazi yote kama anavyosugua twiga.

"Syombua, kuja uone!" alimwita mkewe.

"Inang'aa kweli," Syombua alisema. "Lakini, Baba Nthenya, si itateleza?"

"Mimi nifundishwe mambo ya mti?"

Basi hakufundishwa.

Jioni hiyo Mbinya alinawa miguu, akapanda. Kwenye kidato cha tano mguu ulimponyoka. Kiilu alisikia kishindo, akatoka mbio. Alimkuta mama yake sakafuni, mkono wa kulia umekunjika chini yake.

Hospitalini walisema kifundo cha mkono kimevunjika. Alifungwa plasta. Hakumlaumu mwanawe hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Kiilu zaidi.

"Nitandikieni hapa chini," alisema tu walipofika nyumbani.

Akawa analala karakanani, kati ya magogo na vumbi la mbao. Asubuhi moja alimwita Kiilu.

"Mkono ukipona, nirudishe Tseikuru."

"Mwaitu, kule nani atakuchotea maji?"

"Sijui. Lakini hiyo ngazi sipandi tena."

Kiilu alishindwa kula siku hiyo. Alijua kwamba mama yake akirudi kule peke yake, hatakaa sana duniani. Akaenda kwa jirani yake, Mzee Abdulkadir, mtu wa pwani aliyetengeneza mabehewa ya reli kwa miaka mingi.

"Mzee, nataka kupaka ile ngazi oili chafu ya malori. Ifiche huo mng'ao."

Abdulkadir alikuja, akainama, akapitisha kidole juu ya kidato. Kidole kilitoka cheusi.

"Oili chafu itanuka, itachafua nguo, na itateleza vilevile," alisema. "Na hii rangi ya viatu ina nta. Kinyago hushikwa mkononi, kwa hivyo nta haina neno. Ngazi hukanyagwa. Kabla ya kupaka, ulijiuliza ni nani anayepita hapa?"

"Mama yangu."

"Na miguu yake huwaje?"

Kiilu alitazama chini. "Huwa na maji, Mzee."

"Basi tafuta kitu cha miguu yenye maji. Nunua vanishi ya sakafu. Usinunue ya meza na viti, hiyo huisha upesi ikikanyagwa."

Kazi ilianza Jumatatu. Kwanza walitoa nta yote kwa kitambaa chenye tapentaini, mara tatu, maana vanishi haishiki juu ya nta. Milango iliachwa wazi, na jiko la makaa likahamishiwa uani. Vitambaa vilivyotumika Abdulkadir alivitandaza nje vikauke.

"Ukivirundika ndani vinaweza kushika moto vyenyewe," alisema.

Kisha wakapiga msasa kufuata nyuzi za mbao, wakafuta vumbi. Walipaka kidato kimoja, wakaruka kimoja, ili watu wapate pa kukanyaga. Vilivyorukwa vilipakwa baada ya vile vya kwanza kukauka. Mkono wa kwanza wa vanishi, yaani tabaka la kwanza, ulichanganywa na tapentaini kidogo, uingie ndani ya mbao. Wa pili, kabla haujakauka, Kiilu alinyunyizia mchanga wa mto uliooshwa, ukakaushwa, ukapitishwa kwenye chujio la chai. Wa tatu ulifunika mchanga huo. Kila mkono uliachwa siku nzima ukauke. Mwishowe waliiacha ngazi yote wiki nzima bila kuiwekea maji.

Wakati huo plasta ya Mbinya ilikuwa imetolewa. Kiilu alimwaga kikombe cha maji kwenye ngazi, akapanda na kushuka miguu mitupu. Mama yake alimtazama.

"Ngoja," alisema.

Akaenda kwenye mfereji, akanawa miguu, asiipanguse. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akauzungusha.

"Inakwaruza."

"Kidogo tu, Mwaitu."

"Iache hivyo."

Akapanda. Kiilu alimfuata nyuma, mikono ameitanua, bila kumgusa. Kwenye kidato cha tano mama alisimama. Kiilu aliomba kimoyomoyo. Kisha mguu ukainuka tena, ukapita.

"Nileteeni kitanda changu," Mbinya alisema kutoka juu, na Syombua akalia kwa furaha.

Kiondo cha kwanza alichosuka Mbinya baada ya hapo kilikaa upande, kwa sababu vidole havikurudi kama zamani. Msafiri mmoja alikitaka. Kiilu alikataa kukiuza. Alikitundika kwa msumari pale chini ya ngazi, akatia ndani yake msasa na brashi. Kila mwaka aliposhusha kiondo hicho ili aipake ngazi upya, alianza kwa kidato cha tano.