Kuni za Ng'ambo ya Reli

Walikutana juu ya gogo. Ilikuwa asubuhi, kwenye uwanja wa magogo nyuma ya stesheni, malori yanashusha mzigo na watu wanapatana bei kwa kupayuka. Bi Shoka alikuwa ameshakubaliana na dereva juu ya gogo moja nene la mkaratusi. Kugeuka, akamkuta mwanamume amelikalia, anafunga kamba za viatu bila haraka.

"Kaka, hapo umekalia mali yangu."

Mwanamume akainua uso. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. "Samahani, dada. Nilidhani ni benchi."

"Benchi gani lina magome?"

"Na wewe unalipeleka wapi gogo linalokuzidi unene?"

"Nalikata, nalipasua, nalianika, nauza kuni. Una swali jingine?"

Alikuwa amevaa ovaroli la buluu lililokunjwa mikono, na kitambaa cha njano kilichofungwa vizuri kuliko kazi ile ilivyohitaji. Yule mtu akamtazama kitambaa, kisha mikono.

"Sina swali. Nina tanuri la mikate lisiloshiba. Tuonane Jumamosi."

Jumamosi akaja uani kwa Bi Shoka na mkokoteni, na mkate wa moto ndani ya gazeti. Jumamosi iliyofuata akaja tena, ingawa kuni za wiki ile alikuwa bado nazo. Mjomba wa Bi Shoka, aliyeshika msumeno wa mnyororo pale uani, akauzima ili asikie vizuri wanachosema. Haukupita mwezi simu zikawa hazikatiki.

"Unapasua, mpenzi?"

"Napasua. Unaoka?"

"Naoka, nakuwaza, mikate inaungua."

"Basi niwaze kidogo kidogo."

Wivu Bi Shoka alikuwa nao, wala hakuuficha. Mteja wa kike akicheka sana pale dirishani kwa mwokaji, yeye aliuliza mkate ule una kichekesho gani. Mwokaji alicheka, akambusu paji la uso, mambo yakaisha. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Kisha mvua zikaanza. Adhuhuri moja Bi Shoka alipita kwa mpenzi wake bila kupiga simu, akazunguka nyuma penye tanuri, akasimama ghafla. Ukutani palikuwa na kuni ambazo hazikuwa zake. Zake zilikuwa fupi, zimepasuliwa vipande vinne. Hizi zilikuwa ndefu, zimepasuliwa viwili, nyekundu katikati.

"Za nani hizi?"

Mwokaji alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena. "Za kujazia tu, mpenzi."

"Nimeuliza za nani."

"Kuni ni kuni, bwana."

Bi Shoka akaondoka bila kuaga. Uani, mjomba alisikiliza maelezo ya kuni zile akajibu bila kufikiri. "Ni za yule mjane wa ng'ambo ya reli. Ana mashine ya kupasulia. Na ana mwanya."

"Mwanya wake umeuona lini, mjomba?"

"Mwanya haufichiki, mwanangu."

Siku tatu simu iliita, hakupokea. Kila gogo alilolipiga shoka lilikuwa na sura ya mtu. Siku ya nne akafunga kile kitambaa cha njano, akavuka reli.

Aliwakuta. Mkokoteni ulikuwa umejaa nusu. Mjane, gauni la kijani na manukato katikati ya vumbi la mbao, alikuwa anampangusa mwokaji bega kwa ncha za vidole.

"Endelea, dada," alisema Bi Shoka. "Na bega la pili limechafuka."

Mjane hakushtuka. Alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye buti. "Kumbe wewe ndiye mwenye kuni zinazotoa machozi?"

"Naomba unyamaze," mwokaji akamwambia mjane kwa upole. Kisha akamgeukia Bi Shoka. "Kuni zako ni mbichi, mpenzi. Wiki tatu sasa. Zinatoka povu, zinafuka moshi, mkate unaiva ganda na katikati ni uji. Hoteli mbili zimeniacha."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia kuni ni mbovu, ungesikia nimesema wewe ndiye mbovu."

Bi Shoka aligeuka, akavuka reli. Alirudi uani kwake, akachukua kuni mbili, akazigonganisha. Kuni kavu hulia kama kengele. Zile zilitoa mlio mzito, kama kiatu kwenye tope. Naye alijua tangu mwanzo. Kavu zilipomwishia, wateja wengine wote aliwaambia wasubiri au wakanunue kwingine. Mwokaji peke yake alimpelekea mbichi, kwa sababu kwingine kulikuwa ng'ambo ya reli, na alishasikia kwamba kule kuna mwanamke mzuri. Kwa kumkwepa huyo mwanamke, yeye mwenyewe ndiye aliyemsukumia mtu wake mikononi.

Jioni akaenda kwa mwokaji, akamkuta anakanda unga, mikono imezama hadi viwiko.

"Nilijua ni mbichi," alisema kutoka mlangoni. "Nilikupa hivyohivyo usije ukaenda kwake."

Mwokaji akaacha kukanda. Bi Shoka akaona amekonda. "Uliniharibia kazi kwa sababu ya mtu niliyekuwa simjui hata sura?"

"Ndiyo. Nisamehe. Zangu zitakauka baada ya miezi miwili. Mpaka hapo, nunua kwake."

"Utalala?"

"Sitalala."

"Aliniuliza kama nina mtu," alisema mwokaji. "Nikamwambia ninaye, ana shoka." Alitoa mikono kwenye unga. "Miezi miwili ni mingi kukosa usingizi peke yako. Nikuoe, nikuweke karibu, unilinde vizuri."

"Unanioa kwa ajili ya wivu wangu?"

"Huo nauvumilia. Nakuoa kwa sababu umekuja kusema."

Bi Shoka alilia kidogo, akakubali, akaweka sharti moja.

Kesho yake asubuhi mjane alisikia mkokoteni unaingia uani kwake. Akajitengeneza gauni, akatoka akitabasamu, mwanya wote nje. Akamkuta mwanamke mwenye ovaroli anagonganisha kuni zake mbilimbili, anachagua.

"Yeye yuko wapi leo?"

"Mume wangu anaoka," alisema Bi Shoka, ingawa hata mahari ilikuwa haijazungumzwa. "Kuni nitamchukulia mimi."