Mchezaji wa Pili

Jua lilikuwa limekwisha kuinamisha kichwa nilipoingia kwa fundi kuchukua amana ya dada yangu. Fundi huyo tunamwita Waya, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Mezani pake, kati ya matumbo ya redio na simu zilizopasuka vioo, kilikaa kidude cheupe kisichozidi kiganja.

"Ndicho hiki, Mzee. Kimekubali."

"Mwanangu, mashine ya michezo ya mpwa wangu ilikuwa kubwa kama kamusi mbili, tena ikategemea televisheni. Hiki kitaibebaje?"

Waya akacheka. "Hakiibebi, Mzee. Kinaiiga. Ile ya zamani imeshakufa, lakini kaseti yake ya mchezo ilipona, nami nimeinakili humu. Mchezo ukiamka unauliza, 'Niko kwetu?' Kidude kinaujibu, 'Uko kwenu.' Basi unacheza. Haujui kwamba nyumba yake ilishabomoka."

Umri wangu wote nimesoma katika vitabu vya wanazuoni kwamba mwili ni vazi na roho ni siri ya Muumba. Sikutegemea kuuona mlango wa somo hilo ukifunguliwa kwa bisibisi.

"Ila kuna jambo," Waya akashusha sauti. "Huu ni mchezo wa watu wawili, wanapigana juu ya paa la ghorofa. Humu mna vitufe vya mchezaji mmoja tu. Yule wa pili alipaswa kusimama kama mlingoti. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Anasogea."

Mpwa wangu, tuliyemwita Kidole kwa wepesi wa vidole vyake, alikufa kwa kuanguka kutoka paani, alikopanda kurekebisha antena. Aliyemshikia ngazi alikuwa baba yake wa kambo. "Iliteleza," alisema, na msiba mzima ukafungwa kwa neno hilo moja. Siku ya mazishi akaitupa mashine ya marehemu mvuani. Dada yangu aliokota kaseti, akaja kwangu, akakaa. Sasa mume huyo alikuwa amekuja kumrudisha, na dada, kwa kuchoka kulia peke yake, alikuwa amekwisha kufunga mzigo. Wangeondoka asubuhi. Mimi nilikuwa na shaka, na shaka haisimami mbele ya hakimu.

Nilimkuta shemeji sebuleni, kajinyoosha kwenye kiti changu.

"Shemeji! Hicho ndicho kile kidubwasha nilichokitupa? Kimefufuka kikiwa kitoto!" Akajicheka mwenyewe. "Siku hizi hata marehemu wanatembea mfukoni."

Dada alikipokea kidude kwa mikono miwili, akakiwasha. Muziki mwembamba, uleule uliokuwa ukipenya chini ya mlango wa chumba cha Kidole, ukatambaa sebuleni. Wapiganaji wawili wakatokea juu ya paa. Wa dada alisimama tu.

Wa pili akainama. Akainuka. Akainama tena.

"Kaka..." Dada akaziba mdomo. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akisalimu. Mara mbili, kabla ya pambano."

"Lete hapa." Mumewe akakipokonya. "Nilikuwa nikimcharaza akiwa hai, sembuse kivuli chake."

Akacheza. Yule wa pili hakujitetea. Alipigwa, akapigwa, hadi akalala.

"Umeona, mke wangu? Mwanao bado goigoi."

Dada akanong'ona, na sauti yake haikuwa tena ya kilio. "Alikuwa na msemo wake. Raundi ya kwanza sadaka... ya pili kisasi."

Umeme ukakatika.

Giza likameza viti, kuta, na mikono yetu. Ulibaki uso wa shemeji peke yake, umemulikwa kutoka chini kwa mwanga wa kidude. Betri yake haikuhitaji ruhusa ya ukuta.

Kwaruu...

Sauti ya chuma, kikiburuzwa ukutani. Nje.

Kwaruu...

Ikaingia harufu ya bati lililonyeshewa, nasi tulikuwa katika msimu wa vumbi. Nikasogea, nikachungulia kioo juu ya bega la shemeji. Mchezaji wa pili hakuwa akipigana. Alikuwa ameshuka. Amesimama chini, kwenye mguu wa ngazi, ameishika kwa mikono miwili. Juu yake, mpiganaji wa shemeji alikuwa ukingoni mwa paa, unyayo mmoja kwenye kipandio.

"Usivute," shemeji akanong'ona.

Ngazi ikatikisika.

"Kidole... usivute. Ulikuwa unamtia mama yako maneno juu yangu. Nilitaka uvunjike mguu tu... mguu tu, unyamaze!"

Dada akasimama. Hakupiga yowe. Hakumtazama mumewe. Aliinamia kile kioo kama mama ainamiavyo kitanda cha mtoto.

"Mwanangu," akasema. "Vuta."

Shemeji alikitupa kidude sakafuni, akatoka mbio. Tukasikia mlango wa uani ukigonga ukuta. Kisha kimya... kimya kirefu. Kisha sauti yake, nyembamba, ikiomba:

"Nishikieni ngazi!"

Ilitoka juu.

Juu ya paa langu.

Kisha kishindo.

Umeme uliporudi tulimkuta uani, chali, macho wazi, yu hai. Ukutani hapakuwa na ngazi. Ngazi yangu ilikuwa imefungiwa stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kanzu yangu.

Nilipomsimulia Waya, alikipekua kile kidude mpaka jasho likamtoka. "Mzee," akasema hatimaye, bila kuniangalia, "mchezo huu hauna ngazi. Paa lile halina njia ya kushukia."

Shemeji sasa yuko kwa ndugu zake. Hasemi, hageuki. Lakini vidole gumba vyake vinabonyeza hewa kutwa kucha, na madaktari wameshindwa kuvituliza.

Jioni moja nikamwambia dada, "Mdogo wangu, kizime. Kisasi tumwachie Mola."

Alikuwa amekilaza mapajani, waya wa chaji umenyooka hadi ukutani. Kiooni mmoja alikuwa akirudi nyuma, akirudi nyuma, na mwingine akimfuata bila haraka.

"Kaka," akasema kwa upole, "wako sare, kila mmoja kashinda raundi moja. Hii ndiyo raundi ya mwisho, na mwanangu hana pa kuwahi."

Nimefundisha msamaha tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Hata hivyo kila magharibi, kabla ya kwenda kuswali, hupita chumbani kwa dada nikautazama ule ukuta. Nikiona waya wa chaji umelegea, huinama nikausukuma ndani.