Nyumbu Asiyeingia Kwenye Trela

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapiga honi darajani, Marit alikuwa ameshavaa buti, ameshabeba majani makavu, na ameshatukanwa na nyumbu. Nasema kutukanwa kwa sababu Juniper alikuwa na namna yake ya kulaza masikio na kupuliza pua ambayo haikuhitaji maneno.

Juniper alizaliwa na farasi jike na punda dume, akachukua urefu wa mama na ubishi wa baba. Alikuwa wa mke wangu, Ilene. Ilene alifariki miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Machi, barabara ikiwa imezibwa na theluji ambayo ofisi ya wilaya ilisema itaiondoa kesho yake. Marit ni mjukuu wetu, ana miaka kumi na miwili. Mama yake ni muuguzi hospitalini mjini na zamu zake ni ndefu, kwa hiyo mtoto hukaa kwangu. Tangu bibi yake aondoke, Juniper alikuwa mali yake.

Bonde letu la Larkin lina misonobari, ng'ombe na njia moja tu ya kutokea. Ikifika Juni majani yote huwa yamekauka yanalia chini ya kiatu. Wakubwa wa wilaya hutuletea barua za kutuonya juu ya moto. Zimamoto wa bonde hutuletea mikono yao. Hawa si watu wa mshahara. Kapteni wao, Roberta Quist, ndiye dereva wa lile basi la shule. Mmoja ni fundi bomba, mwingine, Harlan Voss, ni mfugaji kama mimi. Gari lao la maji lina umri mkubwa kuliko baadhi yao.

Jumamosi moja ya Mei walitualika kituoni kula pankeki, kama kila mwaka. Unapewa sahani, unapewa sharubati, na mwaka huu ukapewa na fomu. Una wanyama gani? Una trela ya kuwabebea? Mnyama anaingia kwenye trela? Kwa dakika ngapi? Mimi na kuandika hatujawahi kuelewana, kwa hiyo Marit alishika kalamu.

Mbele yetu alikaa Colby, mtoto wa Harlan, anayesoma darasa moja na Marit.

"Farasi wetu wawili, dakika mbili," Colby alisema, mdomo umejaa. "Na yule punda wenu mwenye kiburi je?"

"Si punda," Marit alijibu. "Na ni dakika tano."

Akaandika: *Ndiyo. Dakika tano.* Nilikuwa nimekaa ubavuni pake. Nilijua trela yetu haijafunguliwa tangu Ilene azikwe, na Juniper hajaikaribia hata kwa bahati mbaya. Nilimeza pankeki yangu nikanyamaza.

Wiki tatu baadaye ilikuwa siku ya mazoezi. Kapteni Quist alipita nyumba kwa nyumba na saa mkononi, akiwa na Harlan, na Colby nyuma yao. Walipofika kwetu nikafungua mlango wa trela. Ndani kulikuwa na kiota cha nyigu. Matairi yalikuwa yamepasuka kwa jua. Na mwisho kabisa, kwenye kona, ndoo ya bati imepinduliwa, na juu yake glavu za Ilene, vile vile alivyoziacha. Niligeuka nikatazama mlima kwa muda.

"Haya, Marit," Kapteni alisema. "Nahesabu."

Marit alimleta Juniper hadi kwenye ubao wa kupandia. Juniper aliunusa, akakita miguu yake minne ardhini kama nguzo za uzio. Marit akavuta. Nikasukuma kwa nyuma, nusura nipigwe teke. Dakika tano zikapita, zikapita kumi. Ilipofika arobaini Marit alikuwa amelowa jasho, viganja vimechunika, na nyumbu hajasogea hata hatua moja.

"Marit," Colby aliita, "zile dakika tano zilikuwa za mwaka gani?"

"Funga domo lako, Colby," baba yake akamwambia.

Kapteni alisimamisha saa. Hakupaza sauti. Alichuchumaa mbele ya Marit.

"Sikiliza. Hii fomu si ya mashindano. Nina watu wanne tu wa kusaidia kuhamisha mifugo bonde zima. Kwenu sikupanga hata mmoja, kwa sababu karatasi yako iliniambia hamhitaji mtu. Moto ungekuja jana, ningewahesabu kwamba mmeshatoka, kumbe mko hapa mnavuta kamba. Unaelewa?"

"Ndiyo, Kapteni."

"Sasa niandike nini?"

Colby alikuwa anatazama. Mimi nilikuwa natazama.

"Andika haingii," Marit alisema.

Kapteni aliandika. "Sawa. Sasa najua. Nitajitahidi niwatumie watu. Lakini wasipowahi, utafungua lango, utamwacha Juniper ajitafutie njia, na utaingia garini na babu yako. Hutarudi nyuma. Utaweza?"

Marit alimtazama nyumbu wake.

Wakati wa chakula cha mchana niliwaka kwa hasira. Nilisema miaka kumi tunaomba njia ya pili ya kutokea na wakubwa wanatujibu kwa barua. Nilisema kama ofisi ya wilaya ingekata majani ya kando ya barabara badala ya kujijengea ukumbi mpya, watoto wasingeaibishwa kwa sababu ya trela.

"Babu," Marit alinikatiza, "yote hayo ni kweli. Lakini ile fomu wakubwa hawakuijaza. Niliijaza mimi. Na wewe ulikuwa unaona."

Niliweka kikombe changu mezani. Hakuwa na ujeuri. Alikuwa amesema jambo lililokuwepo, basi. Nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu kukitaja kuliniuma.

"Bibi yako hakumvuta Juniper hata siku moja."

"Alifanyaje sasa?"

"Alimpa chakula humo humo ndani ya trela. Anapindua ile ndoo, anaikalia, anampa mgongo, anamenya matofaa yake kama vile nyumbu hayupo duniani. Juniper hapendi kuombwa. Anapenda kuingia kwa hiari yake."

"Ilimchukua muda gani?"

"Kiangazi kizima."

"Basi leo ndiyo siku ya kwanza," Marit alisema, akainuka kwenda kutafuta ufagio.

Harlan alituletea matairi kutoka kwenye trela yake kuukuu. Mimi niliondoa nyigu, nikavuna uvimbe wa jicho. Shule ilifungwa, na mjukuu wangu, badala ya kulala hadi jua kali kama wenzake, aliamka saa kumi na mbili kila siku kukaa juu ya ndoo. Alibandika karatasi kwenye mlango wa friji, na kila siku aliandika mstari mmoja. Nazikumbuka baadhi: *Leo amenusa ubao. Leo mguu mmoja. Leo miguu miwili, akala shayiri, akarudi nyuma. Leo amekataa. Nilikosa subira nikamvuta. Kosa langu.*

Mstari ule wa mwisho uliniingia. Hakuna aliyemwona siku ile. Angeweza kuuacha.

Siku ya thelathini na nane, Juniper aliingia mzima mzima, akala, akajisaidia humo kama mwenye nyumba. Marit alimkimbilia Kapteni, aliyekuwa akipita kukagua kama tumesogeza kuni mbali na ukuta.

"Anaingia! Dakika nne!"

"Nimefurahi," Kapteni alisema. "Anaingia kwa nani?"

"Kwangu."

"Na moto ukija wewe hupo?"

Marit alinitazama. Nilitazama pembeni, kwa sababu Juniper na mimi hatukuwa tunasalimiana. Lakini Kapteni alikuwa na haki. Kwa hiyo tukaanza upya. Nilikaa juu ya ndoo ya mke wangu asubuhi baada ya asubuhi, nyumbu akinipulizia kisogoni, mjukuu wangu akinisimamia kama mwalimu.

"Usigeuke, Babu! Anajua unamtazama."

"Simtazami."

"Unamtazama kwa masikio."

Hata Colby alikuja kujaribu. Alikaa juu ya ndoo nusu saa, akaanguka nayo, na safari hii Marit ndiye aliyecheka. Kufikia mwisho wa Julai Juniper aliingia kwangu, kwa Colby, gari likiunguruma, Harlan akipiga king'ora cha zimamoto. Ndipo Marit akaomba fomu yake, akaandika: *Anaingia. Dakika nne. Kwa mtu yeyote.* Trela tukaifunga kwenye pikapu, ikitazama barabarani, ikakaa hivyo.

Moto ulikuja Jumanne ya Agosti, saa nane mchana. Radi kavu, isiyo na mvua, ilikuwa imepiga nyuma ya mlima, na upepo ukafanya kazi iliyobaki. Marit hakuwepo. Alikuwa mjini, mama yake amempeleka kwa daktari wa meno.

Gari la zimamoto liliingia uani king'ora kikilia. Kapteni alitoa kichwa dirishani, akaniita.

"Orrin! Ondoka sasa hivi! Si baadaye!"

"Na Juniper?"

"Karatasi yako inasema dakika nne, kwa mtu yeyote. Nina watu wawili tu upande huu. Niwaache hapa, au niwapeleke kwa Bi Pruitt?"

Bi Pruitt ni jirani yetu wa juu, ana miaka themanini na moja, mbuzi kumi na watatu na goti bovu. Moshi ulikuwa umeshaifunika misonobari yake. Ulimi ulitaka kusema waache hapa. Lakini niliiona ile karatasi ya friji, mistari yote, na ule mstari wa *kosa langu*. Mtoto anayeandika hivyo hadanganyi kwenye fomu.

"Waende kwa Bi Pruitt," nilisema.

Nikabaki peke yangu na nyumbu. Majivu yalianza kuanguka kama theluji chafu, na Juniper alikuwa anazunguka, macho meupe kwa hofu. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuvuta ile kamba. Nikailegeza. Nikaingia kwenye trela, nikamwaga shayiri, nikapindua ndoo, nikakaa, nikampa mgongo yeye na mlima uliokuwa unawaka.

Nilihesabu. Sijawahi kuhesabu kwa shida namna ile. Kisha nikasikia kwato kwenye ubao. Moja. Kimya. Ya pili. Kisha pumzi ya moto kisogoni, na kichwa kikubwa kikapita begani kwangu kwenda kwenye shayiri. Nilitoka kwa mlango mdogo wa ubavuni, nikafunga nyuma, nikaondoa gari.

Nikiwa nimeshavuka daraja, simu ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka ofisi ya wilaya: wakazi wa Larkin wajiandae, huenda wakatakiwa kuondoka. Nilicheka peke yangu kwa hasira.

Wanyama walipokelewa mjini, kwenye uwanja wa maonyesho ya mifugo. Marit alikuwa amesimama kwenye kizuizi cha barabara na mama yake, shavu limevimba kwa dawa ya ganzi. Polisi alikuwa amemkatalia kupita. Kila gari lililoshuka alilikagua. Pikapu yangu ilipojitokeza kwenye moshi, hakunitazama mimi. Alitazama masikio mawili marefu yaliyotokeza kwenye dirisha la trela, akakaa chini barabarani pale pale, akalia.

Baadaye, Juniper akiwa anakunywa maji, alijifuta uso.

"Babu, alitumia dakika ngapi?"

"Sita."

"Fomu inasema nne."

"Marit, kulikuwa na moto!"

"Basi na karatasi iseme hivyo."

Jioni, kabla jua halijazama, zimamoto walishuka kula na kupumzika kwa zamu. Habari walizoleta: banda letu la majani limeteketea na uzio wote wa juu, nyumba imesimama. Bi Pruitt alikuwa amefika na mbuzi wake wote kumi na watatu, akiwagombeza mmoja mmoja kwa jina. Kapteni Quist alikuwa mweusi kwa masizi, meno tu ndiyo meupe. Marit alimwendea, mbele ya Harlan, mbele ya Colby, mbele ya watu wote.

"Kapteni, fomu yangu ina kosa. Si dakika nne. Kukiwa na moshi ni sita."

Kapteni alicheka hadi akakohoa. Alitoa karatasi zilizokunjwa mfukoni, akatafuta ya kwetu, akaandika sita. Kisha akageuka kwa watoto waliokuwa wamezunguka.

"Mnawaona wale mbuzi? Wamo hapa kwa sababu karatasi ya Marit ilikuwa ya kweli. Niliposoma 'anaingia', niliweza kuamini na kupeleka watu kwingine. Mwezi wa tano alitupa jibu la kujisifu. Akaona aibu, akalisahihisha, halafu akafanya kazi kiangazi kizima mpaka jibu zuri likawa la kweli. Moto ukija hakuna nafasi ya kujifunza. Mnajifunza sasa, na mnasema ukweli kuhusu mlichojifunza na ambacho bado."

Colby aliinua mkono polepole.

"Kapteni... farasi wetu si dakika mbili. Yule mwekundu ni kumi na tano. Siku ya mazoezi tulimtoa yule mwingine tu."

Harlan alifunika uso kwa kofia. Kapteni alitafuta karatasi nyingine.

Bado nina mengi ya kuwaambia wakubwa wa wilaya, na nitawaambia, njia ya pili wataijenga. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya hasira kifuani. Nilimtazama mjukuu wa Ilene akipindua ile ndoo ya bati kando ya nyumbu, akakaa, akampa mgongo. Juniper aliacha maji yake, akaja mwenyewe.