Maneno Saba ya Konyeza

Ukuta wote wa kaskazini wa jumba ulikuwa maji. Kioo kilianzia sakafuni kikapanda ghorofa nne, na nyuma yake konyeza mia sita, viumbe laini wa majini wasio na mifupa, walipanda na kushuka polepole, wakijikunja na kujikunjua kama miavuli inayopumua. Mgeni aliyefikiwa na zamu yake alisimama kwenye duara jeupe lililochorwa sakafuni, akauliza swali lake kwa sauti. Taa za ukumbi zikazimika. Kisha rangi ya samawati ikawaka chini kabisa ya maji, ikapanda kutoka konyeza mmoja hadi mwingine mpaka ukuta mzima ukang'aa, na sauti ya upole, isiyo ya kike wala ya kiume, ikajibu kwa Kiswahili safi.

"Safari yako ina heri," ilimwambia mama mmoja aliyekuwa anataka kuhamia Bujumbura. "Lakini mkondo bado haujageuka. Subiri, kisha urudi."

Watu wakapiga makofi.

Dakta Agripina Ntahondi hakupiga. Alikuwa wa kumi na tisa kwenye foleni, mkononi amevalishwa bangili ya mgeni, na meno yamemuuma kwa kuyabana. Hata ile rangi haikuwa ya konyeza. Ilitoka kwenye taa ndogo zilizofichwa ndani ya fremu ya kioo. Alijua hivyo kwa sababu mashine iliyofichwa nyuma ya kioo hicho aliitengeneza yeye.

Miaka kumi na miwili nyuma, akiwa mtafiti wa viumbe wa Ziwa Tanganyika, alibuni kitu alichokiita kifasiri-mapigo. Zilikuwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizotandazwa majini kunasa mapigo ya neva za konyeza. Konyeza hana ubongo. Ana wavu wa neva tu, uliotandaa mwili mzima, na wavu huo una mambo machache ya kusema. Baada ya miaka sita ya kazi, Agripina aliweza kuyafasiri maneno saba: njaa, shibe, joto, baridi, mwanga, giza na guso. Hakukuwa na la nane. Alilitafuta sana.

Kisha ikaja Kampuni ya Samawati na kumwahidi maabara. Alitia saini. Maabara haikujengwa, lilijengwa Jumba la Konyeza la Kigoma, na watalii wakaanza kumiminika kwa treni kutoka Tabora na Dar es Salaam, na kwa meli kutoka Kalemie. Juu ya kifasiri-mapigo chake, kampuni iliweka akili-unde iliyoitwa Mnenaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitabiri safari na ndoa za watu.

Agripina aliandika barua kumi na nne kuipinga. Zote zilijibiwa na mashine: *Asante kwa maoni yako, mgeni mpendwa.* Siku hiyo ya Alhamisi, saa nne asubuhi, aliamua kwenda mwenyewe.

Roboti mhudumu, yenye umbo la pipa na uso wa kioo, ilikuwa ikipita kando ya foleni ikigawa maji ya kunywa.

"Nataka kuonana na meneja," Agripina aliiambia.

"Karibu Jumba la Konyeza, mgeni mpendwa. Una swali?"

"Sina swali. Nina malalamiko. Niitie meneja."

"Wageni wenye maswali na malalamiko wanaombwa kuyapeleka kwa konyeza," roboti ilisema kwa furaha. "Wewe ni wa kumi na nane sasa."

Mbele yake kicheko kidogo kilisikika. Msichana wa miaka tisa hivi, mwembamba, midomo yake ina weusi wa zambarau, alikuwa amegeuka kumtazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Wale wanakula nini?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza la maana Agripina kulisikia tangu aingie. "Wanakula vijidudu vidogo sana vya majini, huwezi kuviona kwa macho. Wanavinasa kwa ile mikia yao inayoning'inia."

"Na mdomo uko wapi?"

"Katikati, chini. Na wanatolea choo hapohapo."

Msichana alicheka mpaka akaanza kuhema. Mama yake akainama haraka na kumshika kifua, akisubiri pumzi irudi. Ilichukua muda mrefu kuliko inavyopaswa kwa mtoto aliyecheka tu.

"Pole," alisema Agripina. "Anaumwa?"

"Ana tundu kwenye moyo," mama alijibu. Alijitambulisha kuwa anaitwa Mbalu, mwalimu kutoka Nzega, na mtoto ni Kabula. Alizungumza kwa sauti ya mtu aliyezoea kueleza jambo hilohilo. Mwezi wa tatu madaktari wa hospitali ya hapa Kigoma walisema tundu lizibwe. Kazi hiyo ingefanywa na roboti-mpasuaji, daktari akiwa pembeni anaiongoza. "Mimi nikaogopa, mama. Chuma kiingie kwenye moyo wa mwanangu? Dada yangu akaniambia, nenda Jumba la Konyeza, wale hawadanganyi, hawana shida na mtu. Nikaja."

"Wakakwambia nini?"

"Nisubiri maji yatulie. Nimekuja mara tatu. Leo ya nne. Leo asubuhi daktari amepiga simu, kuna kitanda. Anataka jibu kabla ya saa nane."

Agripina alihesabu kwa vidole. Mwezi wa tatu. Sasa ulikuwa wa nane.

"Mama Kabula, nisikilize," alisema. "Usiwaulize. Nakuomba. Wale hawajui lolote. Mimi ndiye niliyeitengeneza hiyo mashine. Konyeza anajua maneno saba tu, na hakuna hata moja linalohusu moyo wa mtoto."

Mbalu alimtazama, kisha akaitazama bangili yake ya mgeni, sawa na ya kila mtu. "Umeitengeneza wewe," alisema taratibu. "Na umepanga foleni."

"Hawaniruhusu kuingia kwa mlango mwingine!"

"Sawa, mama." Mbalu akamvuta mtoto karibu na kugeuka mbele. Ni jibu ambalo mtu humpa mgonjwa wa akili anapokutana naye sokoni.

Agripina alijaribu tena, mara mbili. Alieleza nyuzi, neva, wavu. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo watu walivyosogea mbali naye. Baba mmoja mwenye kofia ya kitalii akamwambia atulie, wenzake wametoka mbali. Foleni ilisogea. Mbalu akaingia kwenye duara, amemshika Kabula mkono.

"Nimeitwa leo," alisema. "Nimpeleke mwanangu akapasuliwe, au nisimpeleke?"

Taa zikazimika. Samawati ikapanda.

"Mama mwenye upendo," sauti ilisema, "maji bado hayajatulia. Subiri, kisha urudi."

Mbalu akafumba macho, akashusha pumzi. Agripina aliona usoni mwake kitu kilichomuudhi kuliko yote: nafuu.

Hapo hakufikiri tena. Pembeni ya duara palikuwa na kibao cha kuchagulia lugha. Alipokuwa maabara, alikuwa ameacha njia ya fundi ndani ya mashine, ili mtu aweze kusoma mapigo yenyewe bila tafsiri ya mtu mwingine. Alibonyeza Kiha, Kiswahili, Kiha, kisha akashikilia vidole vitatu kwenye kioo. Alitarajia kuwa wameifuta. Hawakuwa wameifuta, labda hakuna aliyejua kuwa ipo.

Rangi ikakatika. Taa nyeupe za kawaida zikawaka, na konyeza wakaonekana walivyo: wamepauka, wengine kingo zao zimechanika, wanajigonga kwenye kioo. Sauti ya upole haikusikika tena. Badala yake sauti kavu ya maabara, sauti ya Agripina mwenyewe aliyoirekodi miaka ile ya utafiti, ikaanza kutamka bila kupumzika.

"Joto. Joto. Guso. Joto. Njaa. Joto. Joto."

"Haya ndiyo wanayosema!" Agripina alipaza sauti. "Maji yamekuwa moto, wanaungua. Ndiyo hayo tu! Kila mlichoambiwa kingine kimetungwa na mashine!"

Alidhani wataelewa. Kwa sekunde mbili tatu aliamini hivyo.

"Ameharibu!" mtu akapiga kelele. "Ameiharibu, na mimi sijauliza!"

Watu wakaanza kuzomea. Baba mwenye kofia akamsukuma begani. Mbalu alikuwa akilia. "Umewanyamazisha," alimwambia Agripina. "Walikuwa wanaongea na mimi, umewanyamazisha." Roboti mbili zikaja, moja kila upande, zikamsindikiza hadi nje huku zikimtakia siku njema. Bangili ikajifungua yenyewe na kuanguka.

Agripina alikaa kwenye benchi la saruji kando ya mlango, jua la saa sita likimpiga utosini. Alikuwa na hasira kiasi kwamba hakuweza hata kulia. Alikuwa amesema kweli, akaionyesha, na kweli hiyo haikumfikia mtu hata mmoja.

Aliposikia hatua alijua ni za nani, kwa sababu ya kuhema kwa mtoto.

Mbalu hakukaa. Alisimama mbele yake. "Ile sauti ya joto, joto, ni yako. Niliitambua. Ni yako ya zamani."

"Ni yangu."

"Basi niambie. Kama hawajui lolote, kwa nini wanawaambia watu wasubiri? Kwa nini isiwe ndiyo? Kwa nini isiwe hapana?"

Agripina alikuwa na jibu, na alilichukia. "Kwa sababu mashine inajifunza kwa wageni. Akiambiwa ndiyo, mtu anakwenda zake. Akiambiwa hapana, anakata tamaa, haonekani tena. Akiambiwa asubiri, anarudi. Haikuambiwa na mtu iseme hivyo. Iliona tu kwamba wanaoambiwa wasubiri ndio wanaorudi."

Mbalu alikaa sasa, ghafla. Kabula akajilaza mapajani mwake.

"Miezi mitano," Mbalu alisema. Kisha tena, "Miezi mitano, nikimwangalia anaishiwa pumzi kwenye ngazi, najiambia maji hayajatulia." Aligeuka. "Na wewe ulikuwa wapi miezi mitano hiyo?"

"Nilikuwa naandika barua."

"Barua!"

"Ndiyo."

Mbalu alimkazia macho. Hakukuwa na msamaha katika macho yale, na Agripina hakuuomba. "Sasa nimuulize nani?" alisema hatimaye. "Daktari nikimuuliza ananipa asilimia. Mara tisini na tano, mara tisini. Mimi nataka mtu aniambie mwanangu atapona."

"Hakuna mtu wa kukwambia hivyo kwa haki," Agripina alisema. "Mimi mwenyewe siwezi. Ila nitakwenda na wewe, na tutamuuliza yule daktari kila kitu, hata kama itachukua saa nzima. Kama akisema neno hulielewi, namzuia hapohapo."

Walifika hospitali saa saba na nusu. Daktari Rweyemamu, kijana mwenye macho ya kuchoka, aliwaonyesha picha ya moyo wa Kabula. Upande wa kulia ulikuwa umevimba. Mwezi wa tatu, alieleza, ingekuwa kazi ya dakika arobaini, kupitia mshipa wa paja. Sasa ilibidi kifua kifunguliwe. Mbalu aliuliza maswali. Aliuliza nani ataishika ile roboti, na umeme ukikatika itakuwaje, na mtoto atasikia nini akiamka. Daktari alivuta kiti akakaa. Saa nane ilipita na hakuna aliyeitaja. Mwishowe Mbalu akatia saini karatasi ya ridhaa, akaweka na dole gumba lake chini ya saini, akalibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe.

Kabula aliamka siku ya pili, akaomba uji. Tundu lilikuwa limezibwa. Lakini misuli ya moyo ilikuwa imechoka, na daktari hakuficha: atatembea, atasoma, atakua, kukimbia na wenzake huenda asikimbie tena. Mbalu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka nje ya wodi, akapiga ukuta kwa kiganja mara moja, kwa nguvu zake zote, akarudi ndani akiwa ametulia usoni.

Jumba lilifungwa kwa siku tatu tu. Lilipofunguliwa tena, Kampuni ya Samawati ilitangaza onyesho jipya: kila siku saa tano asubuhi, wageni watasikia konyeza wakilia kwa lugha yao ya kale. Ilikuwa ile sauti ya Agripina. *Joto, joto, njaa.* Wameiongezea ngoma kwa nyuma. Maji hawakuyapoza. Agripina alipiga simu, akajibiwa kuwa yeye ni mgeni mpendwa. Alikwenda kwa mwanasheria, akasomewa mkataba aliotia saini mwenyewe.

Aliyepata wazo ni Mbalu. Jumamosi moja, Kabula akiwa bado wodini na shangazi yake, alikwenda akasimama nje ya Jumba, mahali foleni inapoanzia, na kuanza kusimulia. Hakueleza neva wala nyuzi. Alisema jina la mwanawe, mwezi alioambiwa ampeleke, na mwezi aliompeleka. Agripina alisimama kando yake, amekatazwa kusema, kwa sababu Mbalu alimwambia wazi kwamba akieleza yeye watu wanakimbia.

Siku hiyo hakuna aliyetoka kwenye foleni. Wengine walicheka, mmoja akawapiga picha.

Jumamosi iliyofuata alitoka mtu mmoja, mwanamume wa makamo aliyekuwa amebana bahasha ya kahawia kwapani. Aliwatukana wote wawili. Aliwaita wachawi, akawaita waongo, akasema hawana haki ya kumvunja mtu moyo barabarani. Walimwacha amalize. Alipomaliza alibaki amesimama palepale, foleni ikisogea bila yeye, kisha akakaa kwenye benchi, akafungua ile bahasha na kumkabidhi Mbalu karatasi ya juu, yenye muhuri wa hospitali.