Mwewe na Mtabiri

Mvua ilishuka bila kupiga hodi. Mtaa wa maduka ya redio na spika ulikuwa umefurika watu wa saa kumi jioni, na kufumba na kufumbua wote wakajibana kwenye baraza moja, bega kwa bega, mifuko ya plastiki vichwani. Duka la nyuma yao halikujali mvua wala watu. Spika zake mbili kubwa ziliendelea kupiga muziki mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Umeme ukamulika.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita..." alinong'ona mwanamume aliyesimama ukingoni mwa baraza. Ngurumo ikapasuka. "Kilomita mbili," akajiambia, uso umemchanua kama aliyeonjeshwa asali.

"Samahani, kaka," akasema mwanamke aliyebanwa ubavuni mwake. "Unamhesabia nani?"

Akageuka. Mwanamke alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini na buti zenye matope, lakini kichwani alijifunga kitambaa chekundu cha hariri, kimekaa sawasawa, kama vile nusu yake ya juu ilikuwa inakwenda sherehe na nusu ya chini inatoka vitani.

"Naihesabia ngurumo, dada. Mwanga unafika papo hapo, sauti inakuja kwa miguu. Kila sekunde tatu ni kilomita moja."

"Na nikitaka kujua kama inakuja au inaondoka?"

"Unahesabu tena."

Umeme ukamulika, wakahesabu pamoja. Walipofika tisa ngurumo ikajikokota kwa mbali.

"Inaondoka!" Mwanamke akapiga makofi. "Jamani! Umri wote huu nakimbia kitu ambacho kumbe kinaeleza chenyewe kiko wapi." Kisha akaelekeza kidole gumba dukani. "Haya, zamu yangu kukufundisha. Huu wimbo umechanganywa vibaya. Besi imemmeza mwimbaji."

"Besi haina kosa. Sauti nzito inafika mbali, nyembamba inachokea njiani. Ndiyo maana sherehe ikiwa mtaa wa pili unasikia mdundo tu."

"Hayo ni maoni yako."

"Hiyo ni fizikia."

"Na mwimbaji kumezwa ni dhambi. Kazi gani hiyo unafanya, ya kubishana na watu wazima barazani?"

"Natabiri hali ya hewa. Kule kituoni."

"Ndio nyinyi mliosema leo jua!" Baraza zima likaangua kicheko. Mzee mmoja aliyelowa hadi soksi alimtazama mtabiri kwa jicho la kudai maelezo.

"Na wewe?" aliuliza mtabiri, akitafuta pa kujificha.

Mwanamke akanyoosha mkono juu ya mapaa. Kwa mbali, mvua ikiwa imeanza kupungua, mkono mrefu wa njano ulikuwa umelala hewani juu ya jengo lisilokwisha. "Ile kreni pale. Ndiyo ninayoiendesha."

Mtabiri alitazama mpaka matone yakamwingia mdomoni. Kwa miaka kumi na mmoja aliusoma upepo wa juu kwenye karatasi na skrini. Hakuwahi kufikiria kwamba kulikuwa na mtu anayekwenda kukaa ndani yake kila siku, na chupa yake ya chai.

"Mita ngapi?" aliuliza, sauti imemshuka.

"Themanini. Kazini wananiita Mwewe."

Hakuomba namba ya simu. Aliyeomba ni Mwewe.

* * *

Ikawa desturi. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla Mwewe hajapanda ngazi, simu yake ililia.

"Habari ya asubuhi, mpenzi. Upepo wa leo kilomita kumi na tano kwa saa, kutoka kusini. Baada ya saa nane utaongezeka kidogo. Vaa koti."

"Koti liko kwenye utabiri?"

"Hapana, hilo limetoka moyoni."

"Moyo gani? Wewe una kipimajoto humo kifuani." Na Mwewe alikuwa akipanda ngazi zote akicheka, jambo baya kwa pumzi.

Mchana Mwewe alimpigia yeye, akila chakula chake kibandani, mji mzima umetandikwa chini ya buti zake. Walizungumza kila kitu. Kwa nini kila mtu ana sauti nzuri bafuni? Vigae vinairudisha sauti, alisema mtabiri, unajisikia mara tatu. Kwa nini kitanda kinakuwa kitamu zaidi saa ya kuamka? Hapo sayansi ilinyamaza. Waligombana wiki nzima kuhusu nyimbo za zamani.

"Zilikuwa bora," alisema Mwewe. "Watu walipiga vyombo kwa vidole vyao."

"Mbovu zilikuwepo tele. Zimesahaulika, tumebakiwa na nzuri."

Mwewe akaacha kutafuna. "Hilo ni jambo zuri sana umesema, na limeniudhi."

Siku moja upepo ulikuwa mkali, na Mwewe akamwambia jambo ambalo hata dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyekuwa akikaa naye, hakulijua.

"Mwezi wangu wa kwanza nilitaka kuacha kazi. Upepo ukizidi, mnara unalia, Mtabiri. Chuma kinalia kama kitu kilicho hai. Basi nikaanza kuimba, nisikie kitu kingine. Mpaka leo naimba. Ukimwambia mtu nitakutupa kutoka huku juu."

"Itabidi unipandishe kwanza."

Mtabiri alikata simu, akazirudia ramani zake bila kuzisoma. Aliona kama ameonyeshwa kitu ambacho hakipimiki, naye ndiye mtu pekee duniani aliyeonyeshwa.

Hapo ndipo hatari ilipoanzia, kwa sababu mtabiri alikuwa mtu ambaye akistaajabu lazima aseme.

* * *

Kila Alhamisi kituo chake kilimpeleka kwenye redio, dakika kumi za asubuhi, kuzungumza na mtangazaji juu ya sayansi katika maisha ya kila siku. Alhamisi hiyo mada ilikuwa pumzi. Mtabiri akapandwa na mori.

"Kuimba kunarefusha pumzi, na pumzi ndefu inatuliza mapigo ya moyo. Kuna dada mmoja anaendesha kreni. Upepo ukianza kutisha, anaimba..."

"Anauimbia upepo?" alidakia mtangazaji. "Huyo dereva au mganga wa mvua? Wasikilizaji, mkipita chini ya kreni, mguu niponye!"

Mtabiri akacheka. Kilikuwa kicheko cha woga, cha mtu aliyezidiwa kasi, lakini redioni kicheko ni kicheko. Na katika mji ule, mwanamke anayeendesha kreni alikuwa mmoja tu.

Saa tatu mafundi walikuwa wakimwimbia kwa dhihaka chini ya mnara. Saa nne msimamizi wa kazi akamwita Mwewe ofisini, akivuavua kofia yake ngumu.

"Unaogopa urefu?"

"Miaka sita, mzee. Umewahi kuona mzigo wangu ukiyumba?"

"Mimi hapana. Lakini wakubwa wamesikia. Wanataka upimwe, kisha waamue kama utaendelea." Akampa barua bila kumtazama.

Mtabiri alipopokea simu alianza kueleza kabla ya salamu. "Mwewe, nilitaka kufika kwenye mapigo ya moyo, akanikatiza—"

"Ulicheka."

"Nilishikwa na—"

"Nilikupa siri yangu, wewe ukaifanya mfano. Usinipigie tena."

Alipiga. Alipiga siku kumi. Alikwenda hadi nyumbani kwao mara tatu, na mara tatu dada mtu alisimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Amelala."

"Saa kumi na moja jioni, dada?"

"Kwako wewe, shemeji mtarajiwa, amelala mpaka atakapoamka."

Lakini ndani, dada alimwambia mdogo wake, "Yule kakosa, sikatai. Ila mtu asiyejali haji mara tatu akiwa na shati lilelile limepigwa pasi upya."

Mwewe aliinamia sahani yake, akaendelea kula.

* * *

Siku thelathini na moja zikapita. Mwewe bado alikuwa akipanda, akisubiri tarehe ya kupimwa. Siku hiyo kulikuwa na joto la kunata, wala jani halikutikisika.

Saa nane na dakika kumi mchana, mtabiri aliona mstari kwenye rada. Ulikuwa upande wa magharibi, mwekundu, umepinda kama upinde, na ulikuwa unakwenda kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona. Mbele ya mvua kulikuwa na upepo. Akamkimbilia mkubwa wake, tahadhari ikaanza kuandikwa, lakini tahadhari ina sahihi zake na hatua zake. Akapiga simu ya Mwewe. Haikupokewa. Akapiga kwa msimamizi, namba inatumika. Akanyakua simu ya mezani ya kituo.

"Halo?" Mwewe alipokea, hakuitambua namba.

"Usikate. Siombi msamaha. Upepo unakuja, kilomita tisini, labda zaidi. Dakika kumi na mbili."

Sauti ikageuka ya kazi, kavu. "Upande gani?"

"Magharibi."

Mwewe aligeuka kwenye kiti. Ukuta wa vumbi la kahawia ulikuwa umesimama toka ardhini hadi mawinguni, upana wa dunia yote aliyoweza kuiona. Mbele ya ukuta huo maelfu ya ndege walikuwa wakikimbia kimyakimya. Mapaa ya mbali yalikuwa yakizimika safu kwa safu.

"Mungu wangu," alisema. "Mtabiri, ni kubwa. Ni... ni nzuri."

"Una mzigo?"

"Nondo. Tani mbili."

"Weka chini, mpenzi. Weka chini kwanza."

Aliweka simu kwenye spika, akashika redio ya mkononi, akawafukuza watu wote chini ya mkono wa kreni, akaibwaga redio kitini kando yake. Akaushusha mzigo taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Fundi mmoja akaufungua mzigo, akakimbia; Mwewe akapandisha ndoano, akaachia breki ili kreni iwe huru kugeuka na upepo.

"Kushuka ngazi ni dakika tisa," alisema.

"Zimebaki nne."

"Basi nakaa."

Upepo ulifika na sauti ya lori likimwaga kokoto. Kibanda kikatikisika, mji ukafutika. Kisha kreni yote, tani kwa tani za chuma, ikaanza kuzunguka yenyewe, polepole, kwa adabu, na Mwewe ndani yake, kama sindano ya dira inayotafuta kaskazini.

"Inageuka," alisema. Mnara ulikuwa umeanza kulia.

"Iache igeuke. Ikiufuata upepo, haianguki. Ikishindana nao ndipo—"

"Najua kazi yangu!"

"Najua unajua. Naongea kwa ajili yangu mimi."

Kwa siku thelathini na moja Mwewe hakuwa ameimba hata neno moja kule juu. Kicheko cha redioni kilikuwa kimemfunga mdomo. Mtabiri alisikia pumzi zake zikikatika katika simu, fupi, fupi. Akasimama katikati ya ofisi, mbele ya wenzake wanne na mkubwa wake, akaanza kuimba wimbo wa kubembelezea watoto. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa stoo.

Ubeti mzima ulipita.

"Umeanza juu mno," alisema Mwewe, akiwa analia. Akaupokea wimbo, akaushusha mahali pake, akaimba.

Upepo uliendelea kwa dakika kumi na tisa. Mtabiri alikuwa akitazama kipimo kikipanda hadi tisini na nne, kikasimama, kikaanza kushuka, naye hakusema kitu, kwa sababu hakutaka kumkatiza tena.

* * *

Mwewe aliposhuka, alikuta mafundi wote wametoka kwenye stoo na kusimama kwenye matope. Msimamizi alikuwa amevua kofia.

"Ulikuwa umekalia kitufe cha redio," alisema. "Tumekusikia. Mabati ya uzio yameruka, vijana wamelala chini ya meza, na wewe uko kule unaimba. Nimefanya kazi hii miaka thelathini, sijawahi kusikia kitu kama kile." Akasafisha koo. "Barua yao nitaijibu mimi. Kama wanataka kupima mtu, waanze na mimi, nilikuwa chini ya meza." Kisha akaongeza, "Ila yule mwingine mwambie asiimbe tena."

Mtabiri alikuwa amefika getini, kalowa, kiatu kimoja kimechanika.

"Nilikosea," alisema. "Si kucheka tu. Nilikosea tangu nilipofungua mdomo. Haikuwa yangu kuisema."

"Bado nina hasira nawe."

"Ni haki yako. Itapita lini?"

"Wewe si ndiye mtabiri?"

"Hiyo sina rada yake."

Mwewe akafungua kitambaa chake chekundu, akakikamua maji, akamfuta uso.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, kazi ikiwa imefungwa, msimamizi alitoa ruhusa ya nusu saa na mikanda miwili ya usalama. Mtabiri alipanda kama anayepelekwa kunyongwa. Kila jukwaa alikumbatia chuma, akafumba macho. "Endelea, baba," alisema Mwewe kutoka juu yake. "Chuma hicho hakihitaji kukumbatiwa, wivu utanishika."

Kibandani, alifumbua macho.

Upande wao kulikuwa na jua. Upande wa pili wa mji, mvua moja, peke yake, ilikuwa ikitembea juu ya mapaa: nguzo ya kijivu iliyotoka kwenye wingu moja, ikilowesha mtaa mmoja na kuuacha wa jirani mkavu. Mtabiri alikuwa ameichora mvua hiyo kwenye karatasi maelfu ya mara. Hakujua kwamba inang'aa ukingoni. Hakujua kwamba ina mwendo kama wa mtu. Machozi yakamshuka, asiyafute.

"Sema kitu," alisema Mwewe.

"Nioe... yaani nikuoe. Naomba nikuoe."

Mwewe alicheka mpaka kibanda kikayumba, na mtabiri akashika kiti kwa mikono yote miwili.

"Niulize tena chini. Huku juu mtu anaweza kusema lolote."

Walishuka, mtabiri akikumbatia tena chuma kila jukwaa. Alipokanyaga ardhi, alikaa juu ya mfuko wa saruji. Mlinzi wa geti akasogea kusikiliza, bila aibu.

"Nimeshafika chini," alisema mtabiri, akihema. "Neno ni lilelile."

Mwewe alifungua mkanda wake wa usalama kifungo kwa kifungo, akautundika msumarini, akaja akaketi kando yake juu ya mfuko ule.

"Ndiyo," alisema. "Nilikubali tangu kule juu. Nilitaka tu kwanza upate pumzi."