Vibati vya Kihenge cha Isdori

Coleta wa kijiji cha Pito hakuwa na panya tena kihengeni, ghalani mwa mahindi yake. Mumewe, Isdori, alikuwa ameziba matundu yote kwa vibati vidogo vyenye namba. Alivibandua kwenye miti ya bustani ya zamani, ng'ambo ya kijito. Coleta alimsifu kwa akili hiyo.

Asubuhi moja msumeno ulinguruma bustanini. Coleta alikwenda mbio. Alimkuta Kasmir, mfanyabiashara wa mbao.

"Nina kibali, mama," alisema Kasmir. "Mti usio na namba naruhusiwa kukata. Hii yote haina."

Coleta aliona aibu, kisha hasira ikampanda. Akaketi akiegemea shina la mti wa kwanza.

"Basi anza na mimi."

Kasmir akazima msumeno. "Nakupa siku mbili, mama. Nikirudi, usio na namba naukata," akasema, akaondoka.

Mchana akaja Rahel, mtafiti wa miti, ambaye huipima ile ya bustani kila mwaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii miti ina faida gani hasa?"

"Ililetwa kutoka nchi nyingi, ijulikane upi utavumilia upepo na baridi ya Ufipa. Mbegu za iliyovumilia ndizo mlizopanda kwenye chanzo chenu cha maji. Namba ndiyo jina la mti daftarini. Ikipotea, vipimo vya miaka sitini vimekufa."

"Namba ziko kwangu," alisema Coleta. Hakuficha.

Wakaving'oa vibati kihengeni. Isdori akalalamika, "Na panya je?"

"Panya wataletewa paka. Miti haina wa kuitetea."

Rahel alifungua ramani inayoonyesha kila namba ilisimama wapi. Wakafunga vibati kwa waya uliolegea kidogo, ili mti unenepe bila kukabwa. Jioni ya pili mti mmoja tu ulibaki mtupu.

Kasmir akarudi. "Huu ni wangu."

Coleta akaukumbatia. "Hukati."

"Mama, kibali ni kibali."

Hapo Isdori akatokea, macho chini. Mkononi alishika kibati cha mwisho. Alikuwa amekifanya kifuniko cha mtungi wake wa pombe.

Kasmir akasoma namba, akautia msumeno wake begani, akaondoka.

Wakati wa mvua za mwaka huo, Pito ilipanda miche mia tatu kutokana na mbegu za bustani ile. Kihenge kina paka sasa. Anayemlisha ni Isdori, na Coleta hamsaidii.